Vazi Linapopanda Jukwaani

Gauni lililotundikwa dukani lina kitambaa, mshono na bei, lakini bado halijafanya kazi yake. Linangoja mwili wa kulibeba, mahali pa kupita na macho ya kulitazama. Akibadilika mvaaji, au ikibadilika hadhira, gauni lilelile hutenda jambo jingine kabisa. Kwa sababu hiyo naona undugu wa vazi na sanaa ya utendaji ni wa karibu kuliko undugu wake na uchoraji, na kwa sababu hiyohiyo namheshimu sana mhakiki wa mavazi, ambaye wapenzi wengi wa sanaa hawamhesabu kuwa mwenzao. Kazi yake ni kusoma tendo linalopita kwa dakika chache, kisha kulieleza hivi kwamba hata asiyekuwapo aweze kulifikiria na kulibishia.

Yoko Ono aliuweka undugu huo wazi mwaka 1964 huko Kyoto, katika kazi yake iitwayo Cut Piece. Alikaa jukwaani kwa kupiga magoti, amevaa suti nzuri, mkasi uko mbele yake, akawaalika watazamaji wapande mmoja mmoja, kila mtu akate kipande cha nguo aondoke nacho. Wapo waliokata kidogo tu, kwa haya. Kazi hiyo ilipofanywa New York, mwaka 1965, kijana mmoja alikata hadi mikanda ya nguo ya ndani, Ono akalazimika kujifunika kifua kwa mikono. Anayeiandika kazi hii bila kujua nguo atasema juu ya ujasiri wa msanii na ukatili wa hadhira, na atakuwa amesema kweli. Mwenye jicho la mavazi atauliza pia: kwa nini suti, kwa nini si shuka au gunia? Suti ina matabaka, na kila tabaka lina kiwango chake cha aibu. Mkasi unapotoka kwenye koti ukafika kwenye sidiria, unavuka mipaka ambayo sote tunaijua bila kufundishwa darasani. Maana ya kazi ile ilikuwa imeshonwa ndani ya nguo yenyewe.

Mbunifu wa mavazi Alexander McQueen alifika hapohapo akitokea upande wa pili. Septemba 1998, London, alifunga maonyesho yake ya mitindo kwa Shalom Harlow, mwanamitindo aliyesimama juu ya jukwaa dogo linalozunguka, amevaa gauni jeupe, huku roboti mbili za aina inayopaka magari rangi zikimnyemelea. Zilimkaribia polepole, kisha zikamrushia rangi nyeusi na ya manjano, naye akijikinga kwa mikono. Wazo hilo lilichotwa kwa msanii wa Ujerumani, Rebecca Horn, aliyetengeneza kazi yenye bunduki mbili zinazorushiana rangi nyekundu. Gauni lile baadaye lilionyeshwa makumbusho, New York mwaka 2011 na London mwaka 2015, na madoa yake yanaonekana vizuri. Kisichoonekana ni muda: kusita kwa mashine, mabega ya Harlow yakigeuka, hofu iliyoitangulia rangi. Hayo yamebaki katika filamu, na katika maandishi ya watu waliojua wanachokitazama.

Hapa mtu atauliza: kama filamu ipo, mhakiki ni wa nini? Jibu limo ndani ya maonyesho hayohayo. Aimee Mullins, mwanariadha aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa mtoto mdogo, alitembea na miguu ya mti iliyochongwa nakshi, na wengi waliomtazama walidhani amevaa buti. Walikuwa palepale, na bado hawakuona. Ukishajua kwamba ile ni miguu, swali la urembo linageuka: kifaa cha tiba kimekuwa pambo, na pambo limebeba mwili. Kamera peke yake ingetuhifadhia buti tu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nguo ni jambo dogo, halistahili akili ya mtu mzima. Robin Givhan wa gazeti la Washington Post alilijibu kwa kazi. Januari 2005, viongozi walipokusanyika Auschwitz kuadhimisha miaka 60 tangu kambi ile ikombolewe, Makamu wa Rais wa Marekani, Dick Cheney, alivaa jaketi zito la kijani lenye manyoya kwenye kofia yake, kofia ya sufu na buti za kupandia milima. Wengine walivaa makoti rasmi ya rangi nzito, na Givhan akaandika kwamba jaketi lile halikufaa mahali pale. Ni kweli kulikuwa na baridi na theluji, lakini baridi ile iliwapiga wote. Nguvu ya hoja ya Givhan imo humo: alilipima jaketi kwa makoti yaliyosimama karibu nalo, mahali pamoja, wakati mmoja. Koti jeusi nalo hutia joto, na juu ya hapo huomboleza. Mwaka 2006 Givhan alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer ya uhakiki, mhakiki wa kwanza wa mavazi kuipata.

Nakubali kwamba magazeti ya mitindo huishi kwa matangazo, na kwamba sifa nyingi zinazochapwa humo hazitofautiani na tangazo. Hilo linanifanya nimthamini zaidi anayethubutu kuandika kwamba mshono umekosewa.

Pwani yetu haina upungufu wa maarifa haya. Katika ukumbi wa taarabu Zanzibar, mwanamke anayeinuka kumtuza mwimbaji huchagua ubeti wa kuinukia na njia ya kupita kati ya viti, na nguo yake imekwisha kupimwa na wenzake kabla hajafika jukwaani. Mtaani, kanga hufanya kazi hiyo kwa jina lake: doti ileile akipewa mama ni heshima, ikivaliwa mbele ya jirani ni kijembe. Wapo watakaosema huo ni umbea. Umbea upo, hasa ulimi unapoliacha vazi ukaushika mwili wa mtu, wembamba wake au weusi wake, mambo asiyoyachagua. Mhakiki hubaki kwenye kilichochaguliwa: kitambaa, rangi, jina, saa ya kuvaa. Mpaka huo ukilindwa, maarifa ya wanawake hawa yanastahili kurasa za magazeti sawa na mashairi ya taarabu yenyewe, yaandikwe pamoja na jina la kanga, ubeti ulioinukiwa, na nani alikuwa ameketi kiti cha mbele.