Mzaha na Nafsi ya Kwanza katika Nyimbo za Kisa za Green Day

Wako wasomi wanaodhani kwamba wimbo wa mzaha haustahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo wimbo wa huzuni. Kwa maoni yao, kichekesho ni cha kupitisha wakati tu, na mwenye kutaka kunena neno zito hana budi kwanza kukunja uso. Makala haya yanapinga rai hiyo. Ushahidi wake ni kazi za kundi la muziki la Kimarekani liitwalo Green Day, ambalo wapenzi wake na wakosoaji wake walilijua kwa miaka kumi kama kundi la utani, kisha mwaka 2004 likatoa santuri ya kisa kimoja iitwayo American Idiot. Wahakiki wengi walisema kwamba kundi hilo lilikuwa limeacha utoto na kushika mambo ya watu wazima. Mimi nasema kwamba halikuacha kitu. Ustadi lililoupata katika mzaha ndio uliolijengea kisa, na lilipoupuuza ustadi huo baadaye, kisa kilipungua nguvu.

Yafaa kwanza kumjulisha msomaji wahusika wetu. Billie Joe Armstrong, mwimbaji na mpiga gita, na Mike Dirnt, mpiga gita la besi, walianza kupiga pamoja wakingali vijana katika California, upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco, mwaka 1987. Tré Cool, mpiga ngoma, alijiunga nao baadaye. Walilelewa kimuziki katika ukumbi wa Gilman Street mjini Berkeley, mahali pa vijana wa muziki wa panki, yaani muziki wa gita wenye mapigo ya kasi, sauti ya ukali na dharau kwa wakubwa. Ukumbi huo haukukubali makundi yenye mkataba na kampuni kubwa za santuri. Green Day walipotia sahihi mkataba wa namna hiyo mwaka 1993, mlango ulifungwa nyuma yao. Mwaka uliofuata walitoa santuri ya Dookie, ambayo hata jina lake ni neno la kitoto la kutajia kinyesi. Muziki wao uliitwa popu-panki, kwa sababu ukali wa panki ulitiwa ndani yake sauti tamu zinazoshikika upesi na sikio.

Sasa tutazame filamu fupi mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya nyimbo zao, kwa kuwa humo ndimo shule yao ya michezo ilimokuwa. Ya kwanza ni ya wimbo wa Basket Case, ya mwaka 1994. Armstrong aliutunga wimbo huo kutokana na vipindi vya hofu kuu vilivyokuwa vikimshika mwenyewe, hata akadhani anapoteza akili. Mwenye kusikiliza santuri bila ya kutazama picha anasikia mtu anayejieleza. Lakini filamu yake inawaweka wanamuziki wote watatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wakiwa wamevaa kama wagonjwa na kukodoa macho kama wachekeshaji. Ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha ikatiwa rangi baadaye, hata kila kitu kikang'aa kupita kiasi cha maumbile. Mtazamaji anacheka, lakini jambo analolicheka ni maradhi ya kweli ya mtu wa kweli.

Ya pili ni ya wimbo wa Walking Contradiction, ya mwaka 1996. Hapa wanamuziki wanatembea mitaani kila mmoja na njia yake, na popote wapitapo ajali na maangamizi yanafuata nyuma yao, wao wakiendelea na safari bila ya kugeuza shingo. Wimbo wenyewe ni wa mtu anayejisifia kwamba maneno yake hayapatani na matendo yake. Filamu haikurudia maneno hayo hata kidogo. Ilionyesha matokeo yake tu. Huu ni ufundi wa mchezo wa kuigiza: maneno yanasema hili, mwili unatenda lile, na maana inazaliwa katikati yao.

Mwanafunzi wa lugha atauliza: ni nini hasa kilichotokea katika filamu hizo? Jibu langu ni kwamba nafsi ya kwanza ilibadilika kazi. Katika wimbo wa kawaida, kiambishi ni- humwelekea mwimbaji mwenyewe, au angalau msikilizaji hukubali kudhani hivyo. Katika mchezo wa jukwaani, ni- humwelekea mhusika, na hakuna anayemshitaki mwigizaji kwa maovu ya mhusika wake. Filamu za kuchekesha za Green Day ziliwazoeza wasikilizaji kukaa baina ya hali hizo mbili. Aliyesema "mimi" alikuwa Armstrong, na papo hapo alikuwa kinyago kilichovaliwa na Armstrong. Mafunzo hayo yalidumu miaka kumi, na bila ya hayo santuri ya mwaka 2004 isingalieleweka.

Hata namna santuri hiyo ilivyozaliwa yathibitisha jambo hili. Mwaka 2003 kundi lilipoteza kwa wizi kanda za nyimbo walizokuwa wamekwisha kuzirekodi. Badala ya kuzirudia, walianza upya. Siku moja Dirnt, akiwa peke yake katika studio, alirekodi kijiwimbo cha nusu dakika kwa mchezo tu. Armstrong akaongeza chake, Tré Cool naye akaongeza chake, kila mmoja akijaribu kumshinda mwenziwe kwa utani. Vipande vilipounganishwa, wakaona wamepata wimbo mrefu wenye sehemu nyingi. Ndio uliokuja kuitwa Homecoming, wenye sehemu tano na dakika zaidi ya tisa. Basi umbo ambalo wahakiki walilisifu kwa uzito wake lilitokana na mashindano ya utani.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Kijana ajiitaye Jesus of Suburbia anachoshwa na maisha ya nyumbani kwao na kukimbilia mji mkubwa. Huko anatokea St. Jimmy, mtu wa fujo na dawa za kulevya. Kijana anampenda mwanamke mmoja, naye anamwacha. Jimmy anajiua, kijana anarudi nyumbani, na miaka inapita. Msikilizaji anaanza kushuku, na mwisho anakaribia kuwa na yakini, kwamba Jimmy hakuwa mtu mwingine bali ni nafsi ya pili ya kijana yule yule.

Hapa ndipo ufundi wa nafsi ya kwanza unapodhihirika. Katika tenzi zetu, msimulizi hutuongoza kwa maneno kama "akanena" na "akajibu", na katika ngonjera kila mjibizani ana beti zake. American Idiot haina alama hizo. Karibu maneno yote yanatoka katika koo moja. Katika wimbo wa St. Jimmy, Armstrong anatoa majigambo ya kasi: mimi ni huyu, mimi ni yule. Katika Letterbomb, baada ya maneno machache ya mwanzo yanayosemwa kwa dhihaka na sauti ya mwimbaji Kathleen Hanna, Armstrong anaimba maneno ya mwanamke anayemkana kijana na kumwambia kwamba yeye si yule anayejidai kuwa. Kwa hiyo mdomo ule ule uliojigamba unajikana wenyewe. Laiti sauti zingaligawanywa, tungalisikia ugomvi wa watu wawili. Kwa kuwa hazikugawanywa, twasikia mtu mmoja akigombana na nafsi yake.

Mahali pamoja tu ndipo midomo inapobadilishwa kwa makusudi, napo ni ndani ya Homecoming. Jimmy amekwisha kujiua katika sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya tatu Dirnt anaimba upweke wa aliyeachwa na wenziwe, na katika ya nne Tré Cool anaingia na mapigo ya muziki wa kale wa rokinroli, akijisifu kwa vichekesho juu ya maisha yake. Msikilizaji mwenye haraka ataona kwamba utani huu umepotea njia na kuingia matangani. Lakini aliyepata kukaa matangani anajua kwamba kicheko hakikosekani huko, na kwamba kicheko cha mtu mmoja humwonyesha mfiwa jinsi alivyo peke yake. Baada ya utani ule, kurejea nyumbani katika sehemu ya tano kunakuwa kuzito zaidi. Uondoe, na wimbo utapungua machozi pamoja na kicheko.

Majina ya wahusika nayo yastahili kuangaliwa, hasa na wale watakaotaka kuzieleza kazi hizi kwa Kiswahili. Jesus of Suburbia hatuwezi kumwita "Yesu wa Kitongoji", kwa maana kitongoji kwetu ni kijiji kidogo au sehemu ya kijiji, na makao yanayokusudiwa ni nyumba za wenye nafasi kidogo kando ya miji ya Marekani, zilizofanana kama tembe za tasbihi. "Yesu wa Viungani" ndilo jina linalokaribia. Mzaha wake umo katika kugongana kwa neno tukufu na mahali pasipo na utukufu wowote.

Jina la mwanamke ni gumu zaidi. Anaitwa Whatsername, na wimbo wa mwisho wa santuri una jina hilo hilo. Mfasiri mvivu ataandika "Fulani", naye atakuwa ameua kisa. Fulani ni jina la mtu tusiyetaka kumtaja, au ambaye jina lake halina haja. Lakini lugha yetu ina neno jingine, "nanihii", ambalo ulimi hulitamka wakati jina limetoroka na uso wa mtu ungali mbele ya macho. Whatsername ni Nanihii. Katika santuri nzima neno hilo laweza kuchekesha. Mwishoni, miaka imepita na kijana anagundua kwamba kweli jina limemtoka, ila wakati ule haujamtoka. Neno la mzaha limegeuka kuwa neno la msiba bila ya kubadilika hata herufi moja. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huu.

Kisa kilipopelekwa jukwaani, kwanza Berkeley mwaka 2009, kisha Broadway mjini New York kuanzia Aprili 2010 hadi Aprili 2011, chini ya uongozi wa Michael Mayer, mambo yalibadilika. Kijana mmoja akawa vijana watatu: Johnny anayekwenda mjini, Tunny anayekwenda vitani, na Will anayebaki nyumbani. St. Jimmy alipewa mwigizaji wake, na kwa vipindi kadhaa mwigizaji huyo alikuwa Armstrong mwenyewe. Faida yake ni uwazi: mtazamaji hapotei, na wanawake waliimba Letterbomb kwa sauti zao, jambo la haki. Hasara yake ni kwamba Jimmy mwenye mwili wake ni rahisi kumkimbia. Katika santuri hapakuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa adui na mwenyeji walivuta pumzi moja.

Hasara kubwa zaidi tunaiona katika santuri ya pili ya kisa, 21st Century Breakdown, ya mwaka 2009. Muziki wake umefumwa kwa uangalifu, sehemu zake tatu zina vichwa vyao, nayo ilipata tuzo ya Grammy ya santuri bora ya roki. Lakini wahusika wake wawili wanaitwa Christian na Gloria. Majina hayo yanatuambia mapema tuwaze nini: huyu ni imani, huyu ni utukufu. Hayagongani na kitu. St. Jimmy ni mtakatifu wa uongo, ndiyo maana tunamsogelea kumtazama. Gloria ni bendera, na bendera hutazamwa kwa mbali. Nafsi ya kwanza humo inahutubia zaidi kuliko inavyojificha, na pasipo kinyago hapana cha kuvuliwa. Sisemi kwamba nyimbo zake ni mbaya, maana kadhaa ni nzuri zikisikilizwa moja moja. Bali kisa hakikusimama, kwa sababu watungaji waliamini sifa waliyopewa, kwamba wamekwisha kuvuka mzaha.

American Idiot nayo haikukosa dosari. Matukio yake ya katikati hayana mfuatano ulio wazi, na matusi yake ya kisiasa, yaliyoelekezwa kwa Marekani ya wakati wa vita vya Iraki, mara nyingine ni mepesi kuliko uovu yanaoutaja. Lakini dosari hizo ni za kisa chenye uhai.

Limebaki neno la istilahi. Kazi za namna hii zimeanza kuitwa na baadhi yetu "albamu za dhana", kwa kulifuata jina la kigeni neno kwa neno. Jina hilo lina kasoro, kwani linamfanya msomaji atafute dhana kabla ya kusikiliza, na ndilo kosa lililoiharibu santuri ya mwaka 2009. Napendekeza tuseme "santuri ya kisa". Kisa kina watu, na watu wana majina, na majina yao huchekesha kabla ya kuliza. Mhakiki atakayeanza na kicheko hicho hatakuwa ameishusha elimu yake. Atakuwa ameanzia pale watungaji wenyewe walipoanzia.