Kishikwambi na Ubao wa Chuoni: Kusoma kwa Namna Nyingi katika Mombasa Bara

Mjadala uliozuka Serikali ya Kenya ilipoanza kugawa vishikwambi katika madarasa ya kwanza mwaka 2016 ulielekea zaidi kwenye umeme, wizi na gharama. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, swali linalomhusu mwanalugha liliachwa kando: ni kusoma kwa namna gani kunakohesabiwa kuwa kusoma?

Mtoto wa Kisauni au Likoni haingii darasani mtupu. Mara nyingi amekwisha kupita chuoni, alikofunzwa kufuata herufi kutoka kulia kwenda kushoto. Nyumbani huyaona majina ya leso, maandishi yenye mafumbo, na hutambua mapema ni leso ipi isiyovaliwa mbele ya jirani fulani. Simu ya mzazi imemzoeza kusikiliza ujumbe wa sauti na kuujibu kabla hajaweza kuandika jina lake. Mafunzo ya kishikwambi huanza na herufi za Kirumi, kana kwamba kabla yake hapakuwa na maandishi.

Kosa hili halikuletwa na mashine. Mkutano wa 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, ndio uliopendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu; na tahajia iliyofuata haikuitenga t ya meno na t ya ufizi, ambazo Kimvita huzitumia kupambanua maneno. Waandishi wa Mvita wa karne ya 19, akiwamo Mwalimu Sikujua, walikuwa wamekwisha kuongeza nukta katika herufi za Kiarabu ili kuzitenga. Zamani ingeweza kudaiwa kwamba mitambo ya chapa haikuwa na herufi hizo. Leo udhuru huo haupo, kwani kioo kimoja huonyesha hati zote mbili.

Changamwe ni habari nyingine. Mtaa huo uliokua pamoja na reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta una watoto wa makabila mengi ya bara, na kuwalazimisha wote hati ya Kiarabu kungekuwa dhuluma ile ile iliyogeuzwa upande. Likoni nako kuna Kidigo, ambacho hakidai hati ya pili bali masikio ya mwalimu.

Mtaala ulioanza 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Mwanafunzi akinasa sauti ya bibi yake akifafanua jina la leso, kisha akaliandika kwa hati aijuayo, ametimiza sharti hilo kuliko aliyebonyeza picha ya tufaha. Kilichobaki ni mtahini atakayekubali kumpa alama.