Linki za Bieber mkiani mwa makala: hapo ndipo Rap Genius walipokosea

Sakata la Rap Genius, tovuti ya mashairi ya nyimbo, na Google la Disemba 2013 husimuliwa kama kisa cha kunaswa. Eti mwanablogu mmoja asingeianika hadharani barua pepe aliyotumiwa, mambo yangewaendea vizuri. Sikubaliani hata kidogo. Mbinu ile ilikuwa mbovu tangu inaandikwa, na hata kama Google wasingeona chochote, isingewapa walichokuwa wanakitafuta.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Tovuti iliwaalika wanablogu wawe washirika wake. Aliyejitokeza akajibiwa na marehemu Mahbod Moghadam, mmoja wa waasisi watatu, kwa maelekezo mafupi: chukua orodha hii ya nyimbo mpya za Justin Bieber, kila jina lina linki ya kwenda kwetu, ibandike mwisho wa makala yako, nitumie anwani ya makala nami nitaitangaza Twitter. Makala yenyewe ihusu nini? Chochote. Baadaye kampuni yenyewe ilikiri kwamba ilikuwa radhi kuitangaza makala yoyote, bila kujali maudhui yake.

Chochote! Kampuni iliyokuwa imepewa dola milioni 15 na wawekezaji Andreessen Horowitz mwaka uliotangulia, yenye wahandisi wa kweli, iliamua kwamba mahali linki inapokaa hapana maana.

Tuiangalie orodha yenyewe. Jina la wimbo, kisha neno linalotambulisha kwamba ni mashairi; mstari unaofuata vivyo hivyo, na unaofuata vivyo hivyo, hadi albamu inakwisha. Iko chini kabisa, baada ya mwandishi kumaliza alilokuwa nalo na msomaji kuondoka. Maneno yanayobeba linki yanafanana herufi kwa herufi na yale ambayo mtu angeyaandika Google akiutafuta wimbo. Sasa zidisha kwa blogu kadhaa zisizojuana: mpangilio ule ule, maneno yale yale, makala za mada yoyote ile. Hapo mashine haihitaji akili nyingi, inahitaji kulinganisha tu.

Mwaka 1998, waasisi wa Google, Sergey Brin na Larry Page, walipoieleza pale Stanford PageRank, njia yao ya kuupima ukurasa kwa linki zinazouelekea, msomaji wao wa kubuni alibofya linki yoyote kwa bahati nasibu, na uzito wa ukurasa ukagawanywa sawasawa kwa linki zote zinazotoka humo. Kwa hesabu hiyo, mkiani ni sawa na kichwani. Lakini Google waliomba hataza mwaka 2004, ikatolewa Mei 2010, na humo msomaji amepata busara: linki hupimwa kwa uwezekano wa kubofywa. Iko wapi kwenye ukurasa, maandishi yake ni makubwa kiasi gani, maneno yake yanahusiana vipi na mada inayozungumzwa. Hati hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote kuisoma miaka mitatu kabla ya barua pepe ya Moghadam. Ukiisoma, unaona kwamba walichagua sehemu dhaifu kuliko zote na kuipa maneno yenye kutia shaka kuliko yote. Faida ndogo, hatari kubwa. Huo ni uamuzi mbovu wa kiufundi kabla hatujagusa maadili.

Wala hawakukosa maonyo. Wenye maduka J. C. Penney walikwishaanikwa na gazeti la New York Times Februari 2011 kwa linki zilizotapakaa kwenye tovuti zisizohusiana na biashara yao. Penguin, kichujio cha Google dhidi ya linki za hila, ilishaanza kazi Aprili 2012. Interflora, wauza maua wa Uingereza, ilipotezwa kwenye matokeo Februari 2013, kwa sababu ya matangazo yaliyovalishwa sura ya habari kwenye magazeti ya mikoani. Ilikuwa miezi kumi tu nyuma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa na mali. Mashairi ya Bieber yalikuwa pia kwenye tovuti za AZLyrics na MetroLyrics, maneno yale yale. Hapakuwa na sababu ya mtu kuchagua ukurasa mmoja na kuuacha mwingine. Rap Genius walikuwa na maelezo ya mstari kwa mstari, na mwaka huo huo wa 2013 rapa Nas aliingia mwenyewe kufafanua mistari yake. Mwandishi anayechambua wimbo wa Nas angeweka linki katikati ya sentensi, palepale anapoutaja mstari, kwa sababu msomaji wake angeihitaji. Hiyo ndiyo linki ambayo hataza ya 2010 inaipa uzito. Wao wakaiacha ngome yao wakaenda kupigana ugenini, kwenye wimbo ambao hawakuwa na la ziada la kusema juu yake.

Linganisha na OHHLA, hifadhi ya mashairi ya hip hop iliyoanza 1992, kabla Google haijazaliwa. Maandishi matupu, hakuna urembo. Watu waliiwekea linki kwa kuwa mashairi yalikuwa pale na yalikaa pale. Huku kwetu, wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka blogu ya Jikomboe ya Ndesanjo Macha na enzi zile blogu za Kiswahili zilipoorodheshana pembeni mwa ukurasa kwa sababu wenyewe walisomana. Tangu hapo tumerudi nyuma, na nitaendelea kulisema hili: magazeti yetu ya mtandaoni bado yanaandika "kwa mujibu wa tovuti moja" na kuishia hapo, bila jina, bila linki. Mwandishi anachukua kazi ya mtu na kumnyima hata hicho. Halafu tunashangaa soko la wauza linki kwa mafungu linapata wateja. Google nao wana sehemu yao ya lawama: ile alama ya kijani ya PageRank kwenye Toolbar yao ya kivinjari, sifuri hadi kumi, ndiyo iliyowafundisha watu kuipa linki bei, na waliiacha hadharani hadi 2016.

Barua ya wazi ambayo Rap Genius waliiandikia Google mkesha wa Krismasi ilikuwa kosa la pili. Badala ya kukiri na kunyamaza, waliomba radhi huku wakiwanyooshea kidole washindani kwamba nao wana linki za kutiliwa shaka. Matt Cutts, aliyeongoza timu ya Google ya kupambana na udanganyifu, alikwishasema wanachunguza. Siku ya Krismasi ukitafuta jina la tovuti yenyewe, ukurasa wao wa kwanza haukuonekana mbele.

Usafi wa linki waliufanya vizuri: walikusanya anwani takriban 178,000 zinazowaelekea, wakaandika programu ya kuzichambua, wakaomba linki mbovu ziondolewe na zilizobaki wakazikana mbele ya Google kwa faili.

Januari 4, 2014 walikuwa wamerudi kwenye matokeo. Siku kumi. Interflora nao siku kumi na moja. Mwenye duka dogo akipigwa adhabu ya mkono, ile inayotolewa na mtu wa Google na si mashine, husubiri miezi, na hana Cutts wa kumjibu. Hilo sijawahi kuwasamehe Google.

Kisha mwaka 2019 zikatoka habari kwamba kampuni hiyo hiyo, sasa ikiitwa Genius, ilipanga apostrofi zilizonyooka na zilizopinda ndani ya mashairi yake kama msimbo wa Morse, ili ithibitishe kwamba maandishi yake yanaishia kwenye kisanduku cha mashairi katika matokeo ya Google. Mahakamani dhidi ya Google walishindwa, kwa hoja za hakimiliki ambazo si mada ya leo. Lakini habari hiyo iliandikwa kila mahali, na walioiandika waliielekezea linki kwa hiari yao kwa kuwa kulikuwa na kitu cha kuonyesha. Ubunifu wa namna hiyo mwasisi Tom Lehman na wenzake walikuwa nao tangu 2013. Wiki ile ya Krismasi waliutumia kufuta linki za Bieber.