Dhamiri ya Asiyeamini: Kazimoto katika Kichwamaji

Ni rahisi kukisoma kifo cha Kazimoto katika Kichwamaji (Kezilahabi, 1974), anayejiua mwenyewe, kama adhabu ya kumkana Mungu. Usomaji huo hautoshi. Msimulizi huyu hatarajii thawabu wala haogopi jehanamu, lakini anajihukumu kwa ukali. Kisasi alichokusudia dhidi ya Manase, aliyemharibia dada yake Rukia, kinaishia katika kumwoa Sabina. Na kinachomgeuza ni mapenzi, si amri ya dini. Kazimoto anashindwa kupata sababu ya kuishi, jambo ambalo halina budi kutenganishwa na kukosa wema. Katika Rosa Mistika (1971), ukali wa Zakaria (mlevi, tusisahau) unazaa utiifu wa woga tu, nao unavunjika mara Rosa anapokuwa mbali na macho ya baba.