Fundi wa Keram Bado Hajapatiwa Mpinzani

Fundi seremala wa Diani au Msambweni anayeunda ubao wa keram anastahili pongezi, kwani kazi yake bado inawatoa jasho waandishi wa programu za michezo ya simu. Bao la kete, mashimo 32 na kete 64, huingia kwenye simu bila kupoteza sheria hata moja; ni hesabu tupu. Keram ni msuguano. Poda, unyevu wa bahari na mbao iliyopigwa msasa kwa mkono hubadilisha mwendo wa kila kete. Utasema keram za simu zipo, na zinapendwa. Kweli, ila humo ubao ni uleule masika na kiangazi (uchovu mtupu!), na kidole huteleza juu ya kioo badala ya kufyatua. Pinball ina shida hiyohiyo: mchezaji huisukuma mashine kuelekeza mpira, simu huishia kuliiga hilo.