Sifa ya Mteremko

Ukitaka kumjua mwendesha baiskeli wa milimani, usimngoje kileleni. Mngoje chini, pale njia inapoishia tambarare, umtazame anavyofika. Kupanda ni kifua na mapaja: mwenye nguvu atapanda, asiye nazo atakokota, na wote wawili watafika. Kushuka ni kazi ya macho, vidole na kiuno. Nimechoka kusikia mteremko ukiitwa mapumziko, kana kwamba mtu akishamaliza kupanda kilichobaki ni kuachia breki ili upepo umkaushe jasho. Ufundi wenyewe unaanzia hapo.

Naandika haya nikiwa Kileo, wilaya ya Mwanga, kwenye tambarare iliyo chini ya ncha ya kaskazini ya Milima ya Upare. Upande huu Mto Ruvu unatoka Ziwa Jipe kwenda kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu. Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kilimanjaro unaonekana wote, na ukigeuka nyuma unakutana na ukuta wa Ugweno na Usangi. Huku chini tuko kwenye mita 700 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Kindoroko, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare Kaskazini, kinapita mita 2,100. Kule Same, Shengena inazidi mita 2,400. Na mwinuko huo hauji polepole. Upare ni bonge la mwamba wa kale lililoinuliwa na ardhi ikakatika pembeni yake, ndiyo maana barabara ya kutoka Mwanga kwenda Kikweni na Usangi inajikunja namna ile. Mhandisi hakuwa na pengine pa kuipitisha.

Wataalamu wa misitu huiita milima hii ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, visiwa vya nchi kavu, kwa kuwa misitu yake imezungukwa na nyika pande zote, na viumbe wake wengi hawapatikani kwingine. Mimi nimekikubali kisiwa hiki kwa sababu nyingine. Kuna kisiwa cha kweli katika Bahari ya Mediterania, Elba, mali ya Italia, ambacho waendesha baiskeli za milimani hukizungumza kwa heshima. Mwaka 2021 mashindano ya dunia ya mbio ndefu za baiskeli hizo yalifanyika huko, katika mji wa Capoliveri. Mlima wake mrefu zaidi, Capanne, una mita 1,019, yaani Kindoroko ni zaidi ya mara mbili yake. Kinachonivuta Elba ni chuma. Kisiwa kile kilichimbwa chuma tangu enzi za Waetruski, na njia wanazoshindania leo kule Capoliveri zinapita katika mlima wa machimbo ya zamani, Calamita.

Ugweno nako kulikuwa nchi ya chuma. Wahunzi wake walikusanya mchanga mweusi wa chuma kwenye vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto, na majembe na mikuki yao ikavuka tambarare hii hadi kwa Wachaga. Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya siasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyoitawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Mzigo ule wa chuma ulishuka kwa miguu ya watu, kwenye njia zinazofuata migongo ya vilima na kukwepa makorongo. Aliyebeba majembe kichwani akiteremka Ugweno alijua mapema kuliko sisi kwamba mteremko una mahali pa kukanyaga na mahali pa kuruka.

Njia ninazozipenda kuliko zote, hata hivyo, ni za maji. Wapare ni watu wa mifereji. Walichonga mifereji kwenye mbavu za milima wakayatoa maji mtoni na kuyazungusha hadi mashambani, na pale yanapohitaji kukusanywa usiku wakajenga ndiva, bwawa dogo linalofunguliwa asubuhi kwa zamu. Mfereji hauruhusiwi kushuka kwa pupa. Ukishuka sana maji yanakula kingo, ukilala sana yanasimama na kuacha tope. Kwa hiyo aliyeuchonga ameupa mteremko mdogo usioonekana kwa jicho, na njia ya miguu iliyo kando yake imerithi kipimo hicho hicho. Panda baiskeli kwenye njia hiyo uone. Mkono mmoja una maji na ukuta wa udongo wenye majani mabichi, mkono mwingine una migomba iliyo chini ya miguu yako, vilele vyake vikiwa sawa na pedeli. Upana ni wa mtu mmoja. Pedeli ya upande wa ukuta inaweza kugonga kisiki wakati wowote, kwa hiyo unazungusha nusu nusu, unarudisha, unazungusha tena. Ukiyatazama maji utaingia majini. Ukiutazama upande wa migomba, ni mbaya zaidi. Unatazama mbele, mahali njia inapopotelea kwenye kona, na baiskeli inakufuata. Ukikutana na mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe unashuka mapema, unaegemeza baiskeli upande wa ukuta, unaamkia, unangoja apite. Anayepanda na anayebeba ndio wenye njia. Na ukingo wa mfereji haukanyagwi kwa tairi, hata kama ndipo palipo laini, maana tairi likiubomoa kuna shamba litakalokosa zamu yake.

Sasa barabara. Chukua kona moja ya udongo mwekundu iliyomwagiwa kokoto, zile zinazozunguka chini ya tairi kama goroli. Kazi ya breki inamalizika kabla ya kona. Unazibana zote mbili ukiwa bado umenyooka, makalio yamerudi nyuma ya kiti, mikono imelegea kwenye viwiko, vidole viwili tu juu ya breki na vilivyobaki vimeshika usukani. Ukiingia kwenye kona unaachia. Hapo ndipo moyo wa mgeni unapokataa, kwa sababu hofu yote inamwambia abane zaidi, na akibana katikati ya kona tairi la mbele linateleza naye anakwenda chini. Mguu wa nje unakandamiza pedeli mpaka chini, uzito wote uko pale, baiskeli inalala kidogo lakini mwili haulali nayo. Jiwe likiwa njiani huliangalii. Ukilikazia macho utaligonga. Unaangalia nafasi iliyo kando ya jiwe. Ukishatoka, pumzi inarudi, na kona nyingine imeshafika.

Hayo ni ya baiskeli ya gia, yenye matairi mapana. Mwenye baiskeli ya mzigo ya Phoenix ana hesabu nyingine, na kwa maoni yangu ngumu zaidi. Mkungu wa ndizi kwenye keria unamsukuma kutoka nyuma muda wote, na breki zake ni za fito za chuma, zikibana ringi kwa vipande vidogo vya mpira. Habani moja kwa moja hadi chini. Anabana na kuachia, anabana na kuachia, ili mpira upate kupoa. Mvua ikinyesha anajua kwamba kubana kwa kwanza kunafuta maji tu kwenye ringi, na breki yenyewe inashika kwenye kubana kwa pili, kwa hiyo anaanza mapema. Penye mteremko usiokubalika anashuka na kutembea kando ya baiskeli yake huku ameinamia nyuma, na hakuna anayemcheka. Kujua pa kushuka chini ni nusu ya ujuzi wake.

Hata mchezo huu wa baiskeli za milimani, unaouzwa leo duniani kwa bei za kutisha, ulizaliwa kwenye breki mbovu. Katikati ya miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin huko Kalifornia, miongoni mwao Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais na vilima vya jirani kwa baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano ya kwanza kwenye njia moja inayoporomoka kiasi cha mita 400 ndani ya kilomita 3 hivi. Breki ilikuwa moja, ile ya kurudisha pedeli nyuma, iliyo ndani ya habu. Kufikia chini grisi ilikuwa imeungua na kutoka moshi, na kila safari walilazimika kufungua habu na kuijaza grisi mpya. Mwaka uliofuata Breeze alianza kutengeneza fremu za kazi hiyo hasa. Mwaka 1996, Atlanta, baiskeli za milimani zikaingia Olimpiki.

Kwa wasemao Kiswahili ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba kushuka ni ufundi uko Goma, mashariki mwa Kongo. Chukudu, chombo cha huko cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ni ya mbao tupu, magurudumu yake ya mbao yamevishwa mpira wa tairi, haina pedeli wala mnyororo. Hushuka kutoka vilima vya Kivu Kaskazini na viazi, makaa au kabichi za kulisha mji mzima, dereva amepiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine tayari kukanyaga kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma. Goma wamemjengea sanamu mtu wa chukudu katikati ya mzunguko wa barabara, na wamefanya vema. Sijui mji mwingine uliompa mtu wa mteremko heshima ya hadharani kiasi hicho.

Rwanda nako mambo yalikutana. Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa mwanzo wa fremu kule Kalifornia, alifika huko mwishoni mwa mwaka 2005, akaona jinsi wakulima wanavyoteremsha mizigo, akarudi kubuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Katika mashindano ya baiskeli yaliyofuata huko, mwaka 2006, akaonekana kijana Adrien Niyonshuti. Mwaka 2012 Niyonshuti alibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London na kuzimaliza mbio za baiskeli za milimani.

Lakini mpandaji hana lolote bila fundi. Yupo mmoja hapa Kileo, chini ya mwembe, ambaye sikumkuta akiwa na chombo cha kupimia. Baiskeli inageuzwa, usukani chini, gurudumu linazungushwa, na ukucha wa kidole gumba unasogezwa karibu na ringi mpaka uguse. Mahali ukucha unapokwaruza ndipo ringi ilipopinda. Kisha anapiga spoku moja moja kwa kidole. "Mwanangu, usiitazame. Isikilize," aliniambia nilipokuwa nimeinama nikikodoa macho. Spoku iliyokaza inalia juu, iliyolegea inalia chini, na anazigeuza robo robo mpaka sauti zikaribiane. Gurudumu la nyuma upande wa mnyororo huliachia sauti ya juu zaidi, maana spoku za upande huo zimesimama wima kidogo na zinavutwa zaidi. Hakusomea popote. Nimepeleka kwake magurudumu yaliyokwishapita kwa wenye mashine mjini, na yamerudi yamenyooka.

Pikipiki zimechukua kazi nyingi za milimani, na mwenye mgonjwa kule Ugweno usiku wa manane ana haki ya kuzishukuru. Sioni kwamba baiskeli inahitaji kushindana nazo. Kwenye njia za mfereji pikipiki haifai, na kijana anayejifunza kuteremka kwa baiskeli anajifunza mwendo bila injini ya kumficha makosa. Ningependa wilaya ya Mwanga ianzishe mashindano ya kushuka, kutoka Kikweni hadi mjini Mwanga, barabara ikifungwa asubuhi moja. Waondoke mmoja mmoja, kila mtu akipimwa muda wake kwa saa, kama walivyofanya wale wa Marin. Baiskeli yoyote iruhusiwe, ya gia au ya mzigo, na mafundi wawepo mwanzo na mwisho, breki zikaguliwe kabla ya mtu kuondoka. Kila mshindani afungwe mkungu mmoja wa ndizi mbivu kwenye keria, na chini wakae kina mama wa sokoni wenye kujua ndizi, wazikague moja moja. Muda uhesabiwe, lakini kila ndizi iliyopondeka imrudishe mtu nyuma dakika nzima.