Je, Rosa Ataokoka? Imani, Shaka na Hukumu katika Rosa Mistika

Riwaya ya Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi imezoeleka kuchambuliwa chini ya maudhui ya malezi na nafasi ya mwanamke. Makala haya yananuia kuangazia suala ambalo watahiniwa wengi hulikwepa au hulijibu kwa pupa: wokovu.

Msomaji wa Homa Bay na Migori yuko karibu na suala hili. Ukerewe, anakolelewa Rosa na alikozaliwa mwandishi mwaka 1944, ni kisiwa cha ziwa lili hili linalopiga fuo za Kendu Bay na Muhuru. Isitoshe, darasa la huku ni mkusanyiko wa makanisa. Wasabato walianzisha misheni ya Gendia mwaka 1906. Wakatoliki wana Jimbo la Homa Bay tangu mwaka 1993. Legio Maria, iliyojitenga na Ukatoliki miaka ya 1960 na kuwapokea hata wenye wake wengi walionyimwa sakramenti, huhiji Got Kwer, Migori, alikozikwa Simeo Ondeto. Wanafunzi wa imani hizi hukalia dawati moja. Mwalimu akiuliza iwapo Rosa ataokoka, kila mmoja huwa na jibu la kanisani kwake kabla hata ya kusoma sura ya mwisho.

Tuanze na jina. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Haya ni majazi yenye kinaya kikali, kwani mwenye jina hilo anaachwa na mchumba wake, Charles, kwa kuwa si bikira. Hatimaye Rosa anajiua.

Hapa historia inatufaa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimnyima maziko ya Kanisa mtu aliyejiua kwa kusudi. Katazo hilo halimo katika sheria mpya ya mwaka 1983. Riwaya ilipochapishwa, basi, mtu kama Rosa angefungiwa mlango wa kanisa. Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi, anafanya nini? Anampitisha Rosa juu ya vichwa vya wanadamu na kumsimamisha mbele ya Mungu mwenyewe. Huko anakutana na Zakaria, babake, na wawili hao wanalaumiana. Zakaria ni mlevi aliyempiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Swali linageuka: si tena Rosa alitenda dhambi gani, bali dhambi hiyo ni ya nani?

Wapo wanaoiona sehemu hii kuwa dosari, kwamba inavunja uhalisia wa riwaya ghafla. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo, bila sehemu hii Zakaria asingehojiwa popote, maana duniani baba ndiye hakimu.

Mtahiniwa asikimbilie kudai kuwa mwandishi anapinga dini. Shaka ya Rosa si ya kumkana Mungu. Mtu hapeleki mashtaka kwa hakimu asiyeamini kuwa yupo. Anachokitilia shaka ni haki ya waliomhukumu. Shaka ya namna hii imo ndani ya imani.

Mwalimu naye atahadhari. Huenda nyuma ya darasa yuko mwanafunzi aliyemzika ndugu yake kwa kifo kama cha Rosa, akazisikia kaulizauliza za matanga. Huyo hasomi ili kupata alama tu. Tukigeuza somo kuwa mahubiri, tutamhukumu ndugu yake mara ya pili. Tukisoma kwa makini, ataona kwamba fasihi huweza kumpa marehemu nafasi ya kujitetea.

Swali la marudio: "Katika Rosa Mistika, anayehukumiwa si Rosa peke yake." Thibitisha ukirejelea majazi, kinaya na hitimisho la riwaya. (alama 20)